Ketill Wawili

Kwa miaka mingi hakuna aliyeruhusiwa kuniambia neno Ijumaa asubuhi kabla Ketill Brandsson hajamaliza kuzungumza redioni. Marehemu mume wangu alijifunza kumimina kahawa bila kugonganisha vikombe. Ketill alikuwa mchambuzi wa siasa, na wachambuzi nchi hii tunao kama mvua. Kila mtu ana maoni na kila mwenye maoni ana mahali pa kuyamwaga. Lakini yeye hakubwabwaja. Alilichukua jambo akalipasua tumbo kama samaki, akakuonyesha mwiba ulipo. Waziri akidanganya, Ketill hakumtukana. Alimsomea tu maneno yake mwenyewe ya mwaka juzi, kisha akanyamaza. Mimi ni mwalimu, na wanafunzi wangu pale Skarfavík niliwasikilizisha uchambuzi wake, wajue kwamba hoja si kelele.

Kwa hiyo habari ile ilinichoma, na ilinikuta majini. Kijijini kwetu siasa zote huzungumzwa ndani ya birika kubwa la maji moto la kuogea, pale kwenye bwawa la kuogelea karibu na shule, asubuhi kabla ya kazi, theluji ikituangukia vichwani. Böðvar, mwenye mashua na diwani, hukaa kwenye kona ambayo maji ni moto zaidi na hampishi mtu. Asubuhi hiyo uso ulikuwa unamng'aa.

"Jórunn, yule bwana wako wa redioni anakuja," akaniambia.

"Anakuja wapi?"

"Hapa hapa. Jumapili ijayo, ukumbini kwako shuleni. Álfheiður amemwalika atueleze faida za kuungana na Stóranes. Na amekubali, bibie. Yuko upande wetu."

Álfheiður ndiye mwenyekiti wa halmashauri yetu. Tangu vuli alikuwa akipigia debe kura ya kuunganisha kijiji chetu na mji wa Stóranes, ng'ambo ya mlima. Tukikubali, shule yangu ya watoto kumi na wanne ingefungwa na watoto wangevushwa mlima kwa basi, asubuhi na jioni, njia ambayo wakati wa baridi hufungwa na theluji kila upepo unapopenda. Kura ilikuwa Jumamosi baada ya huo mkutano. Mpaka siku ile nilidhani tutashinda. Nikamwambia Böðvar kwamba anaota, nikazama mpaka kidevuni, na moyoni nikajua haoti. Böðvar ni mchokozi lakini si mwongo.

Ijumaa iliyofuata nilimsikia Ketill kwa masikio yangu. Alisema vijiji vidogo vinapenda kuonewa huruma, na huruma haifundishi hesabu. Akamalizia kwa msemo wake ambao nchi nzima ilikuwa ikiutumia tangu mwaka benki zilipoanguka: "Tuhesabu vichwa kwanza, tulie baadaye." Nilizima redio kabla ya wimbo. Sikuwahi kufanya hivyo.

Siku hiyo hiyo Álfheiður alituma maboksi matupu shuleni. Kura haijapigwa, yeye anatuma maboksi! Alisema ni ya kuanza kupanga vitabu vya maktaba, ili mambo yasije yakatubana. Niliyapiga teke mpaka ukutani. Kisha, kwa hasira tu, nikaingia maktabani kutazama ni mali gani hiyo wanayotaka kuifunga kwa gundi.

Kwenye rafu ya juu, mahali ambapo watoto hawafiki na wakubwa hawaendi, nikaona riwaya tatu nyembamba. Mwandishi: Ketill Brandsson. Sikushtuka. Kila mtu aliyesoma shule nchi hii anajua kwamba Brandsson ni mwana wa Brandur tu, na kwamba Brandur walikuwa wawili na kila mmoja alimzaa Ketill. Mmoja ni huyu wetu wa redioni. Mwingine alikuwa mkulima wa kondoo huko Mashariki, aliyeandika riwaya tatu ujanani, akachekwa na wahakiki, akarudi kwa kondoo wake. Hata mimi nimewahi kufundisha hivyo, na kuongeza kwamba majina hayana akili. Nikachukua ile ya kati, *Mlima Hauna Mlango*, kwa sababu jina lake lilinikumbusha basi la Álfheiður.

Nilianza nikiwa nimesimama. Nikakaa juu ya boksi. Giza liliingia, nikawasha taa, nikaendelea.

Ilikuwa habari ya bonde moja la Kaskazini ambalo shule yake imefungwa, na jinsi bonde linavyokauka baada ya hapo, taratibu, bila mtu kupiga kelele. Mwalimu ni mwanamke mkali mwenye mikono ya baridi. Anayesimulia ni mwanawe. Sijui niseme nini kuhusu kitabu kile ila kwamba nililia, na mimi kwa vitabu silii. Nimesahihisha insha nyingi mno. Wahakiki waliokicheka walikuwa wapumbavu. Kisha, karibu na mwisho, dhoruba inawakuta watoto njiani, na mwalimu anawakusanya nyuma ya jabali. Mmoja anaanza kulia. Mwalimu anamwambia: "Tuhesabu vichwa kwanza, tulie baadaye."

Nilikifunga kitabu, kidole kikiwa ndani. Msemo ule si wa wazee wetu. Hakuna aliyewahi kuusikia kabla haujasemwa redioni. Na kitabu kilikuwa kimechapishwa miaka thelathini kabla benki hazijaanguka. Basi ama Ketill wa redio alimwibia mkulima, ama mkulima hakuandika kitu. Ketill ninayemjua mimi haibi. Ningeweza kuapa.

Kesho yake nikampigia simu mjane wa mkulima, bibi mmoja anaitwa Gunnvör. Namba iko kwenye kitabu cha simu kama za watu wote. Nilimweleza ninachotafuta, akacheka mpaka akakohoa.

"Ketill wangu mimi? Huyo hata kadi za Krismasi nilimwandikia."

"Lakini magazetini wanasema ni yeye."

"Walimpigia mara moja, wakamuuliza kama ni yeye mwenye riwaya. Akavuta ugoro wake, akasema, 'Hm.' Wakaandika kwamba ni mtu mnyenyekevu."

Nikamuuliza kwa nini yeye hakusema ukweli. Akasema aseme nini, mwanangu, wakati watu walikuwa wameanza kumsalimia vizuri dukani. Na yule mwingine wa redioni hakuja kudai chake hata siku moja, kwa hiyo waliona hakitaki.

Nilibaki na simu mkononi nikiwa na furaha na hasira kwa pamoja. Furaha, kwa sababu mtu niliyemheshimu kwa kichwa chake alikuwa pia na kitu hiki kingine, kikubwa zaidi. Hasira, kwa sababu alikuwa amekificha, na sasa alikuwa anakuja kuifunga shule yangu kwa kinywa kilichoandika kitabu kile. Nikampigia yeye mwenyewe. Alipokea kwa upole, akanishukuru kwa kumsikiliza miaka yote hiyo. Nilipolitaja jina la riwaya akasema ile ni ya wajina wake, marehemu, watu huwachanganya. Nikamwambia nimezungumza na mjane.

"Jórunn," akasema, "mimi nimeandika uchambuzi tu. Tutaonana Jumapili." Akakata.

Haya. Mtu huyu amewasomea mawaziri maneno yao wenyewe maisha yake yote. Nikaamua kwamba Jumapili na yeye atasomewa yake. Sikumwambia mtu.

Lakini kusoma tu hakutoshi, nililijua hilo. Angesema ni ya wajina, watu wangetikisa vichwa, na mimi ningebaki mwalimu mzee aliyechanganyikiwa. Nilihitaji akiri kwa kinywa chake. Hapo ndipo kazi yangu iliponisaidia. Ukimkosoa mtoto insha yake, hunyamaza. Ukiisifu, hutazama viatu. Lakini isome kwa sauti mbele ya darasa, uliruke neno lake moja, lile aliloling'ang'ania usiku kucha, uone kama hatapanda juu ya dawati. Nimeliona hilo kwa watoto wa miaka saba na kwa mchungaji wa parokia. Nikachagua ukurasa, nikachagua mstari wa kuuruka, nikafanya mazoezi jikoni.

Jumapili alasiri ukumbi ulijaa. Akina mama walileta pankeki za sukari na za krimu, kahawa ikawekwa kwenye meza ya pingpong. Ketill alifika kwa gari la Álfheiður. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake, ndani ya sweta ya sufu iliyochakaa viwikoni. Aliponipa mkono niliona kwamba mkono wake ni wa baridi, nikakumbuka yule mwalimu wa kitabuni, na huruma ikanipanda. Nikaimeza pamoja na pankeki.

Akasema vizuri. Lazima niseme haki: alisema vizuri kuliko redioni. Alionyesha takwimu ukutani, watoto wanavyopungua mwaka hadi mwaka. Alisema huko Stóranes watoto wetu watapata mwalimu wa muziki, maabara, na wenzao wa kutosha kuunda timu mbili za mpira badala ya timu moja inayocheza na ukuta. Hakumdharau mtu. Alisema anajua kwamba kijiji huipenda shule yake, ila upendo si mpango. Kuna mahali hata mimi nilijikuta natikisa kichwa kukubali, nikajishika. Akamalizia kwa ule msemo wake, na ukumbi mzima ukausema pamoja naye huku ukicheka. Nilitazama nyuso za wazazi. Sólveig, mwenye watoto watatu shuleni, alikuwa na uso wa mtu anayesadiki. Niliona shule ikienda hivi hivi, kwa kicheko na kahawa.

Álfheiður akauliza kama kuna maswali. Nikasimama na kitabu mkononi.

"Mwalimu anatetea mshahara wake," Böðvar akasema, si kwa sauti ya chini.

Nikamwambia mimi nastaafu Juni na mshahara unastaafu na mimi, atafute tope jingine la kunirushia. Watu wakacheka. Nikamgeukia mgeni.

"Ketill, kitabu hiki unakijua?"

Alikitazama.

"Nakijua. Cha wajina wangu, mkulima wa Mashariki. Mungu amrehemu."

"Basi hutajali nikisoma kipande."

Álfheiður akasema hili halihusiani na kura na muda hautoshi. Mtu mmoja nyuma akasema kahawa bado ipo, mwacheni mama asome. Nikasoma. Nilisoma kama ninavyowasomea watoto, polepole, bila kupamba:

"Shule ilipofungwa hakuna aliyekufa, ndiyo maana hakuna aliyekuja kutuzika. Waliotangulia kuondoka ni wenye watoto. Wakafuata waliokuwa wakitumaini kuzaa. Kisha duka. Kisha mchungaji akawa anakuja Pasaka tu, na mwisho hata Pasaka ikawa ng'ambo. Siku ile ya mwisho mama aliufuta ubao. Akafunga mlango, akanipa ufunguo nikaupeleke halmashauri, nami sikujua kwamba nimebeba bonde zima mfukoni."

Nikafungua ukurasa mwingine kana kwamba naendelea.

"Umeruka," akasema Ketill.

Alisema kwa sauti ya chini sana. Nadhani hakujua kwamba ameisema. Nikamuuliza nimeruka nini. Akanitazama, na macho yake yakasema anaujua mtego, aliujua tangu nilipoanza, na ameingia kwa miguu yake kwa sababu hakuweza kufanya vingine.

"Baada ya ubao. 'Akakifua kitambaa cha chaki, akakianika juu ya jiko, kama mtu atakayekihitaji kesho.'" Akaongeza kama anayenisahihisha insha: "Bila hicho kitambaa, hakuna kitu pale. Ni mwanamke tu anafunga mlango."

Kisha Böðvar, Böðvar huyu huyu, akakohoa.

"Samahani, bwana Ketill. Mkulima wa Mashariki kafa zamani. Wewe mstari wake umeujulia wapi hivyo, bila kitabu?"

Ketill alivua miwani akaifuta kwa sweta, akaivaa tena. Alisema walimcheka. Mhakiki mmoja aliandika kwamba ni kilio cha kondoo, na watu wakalirudia hilo kwenye kila meza ya kahawa mjini. Yeye alikuwa kijana aliyetaka kusikilizwa juu ya mambo mazito, na nani angemsikiliza mtu wa kilio cha kondoo? Magazeti yalipomtaja yule mwingine, akaona ni baraka. Akamwacha abebe. Alisema haya akitazama meza, na hakujitetea popote.

"Na yule mwalimu?" akauliza Sólveig.

"Mama yangu. Alikuwa na wanafunzi tisa."

Álfheiður alikuwa amesimama kando ya ukuta wenye takwimu, mwanga wa mashine ya kuonyeshea picha ukimmulika begani. Ni mtu wa kazi, simlaumu. Akamuuliza Ketill, kwa adabu, kama angependa tumalizie zile hesabu za miaka mitano ijayo. Ketill akageuka akaitazama ile michoro yake.

"Takwimu hizi ni sahihi," akasema. "Sitabadilisha hata moja. Zile za bonde letu pia zilikuwa sahihi."

Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Haikuwa siku ya makofi. Watu walianza kuvaa makoti, na Sólveig alipita mbele yangu akakichukua kitabu mkononi mwangu bila kuomba, akaondoka nacho. Nilimsikia mumewe mlangoni akimuuliza anakwenda nacho wapi, naye akamwambia anyamaze.

Jumamosi tulipiga kura, na tulikataa kuungana. Si kwa wingi wa kujivunia. Böðvar mwenyewe hajaniambia alipiga ipi, na mimi simwulizi. Ijumaa baada ya hapo Ketill alikuwa redioni akizungumzia kodi ya mafuta, makali yale yale, na nilimpigia kelele peke yangu jikoni kwa sababu juu ya kodi amekosea kabisa. Kuhusu riwaya hakugusia. Miezi miwili baadaye zilichapishwa upya zote tatu, zikiwa na picha yake nyuma, na Gunnvör alinipigia kulalamika kwamba sasa dukani wanamsalimia kama mtu yeyote.

Juni nilistaafu. Mwalimu mpya ana miaka ishirini na sita, anatoka Kusini, na anaona Ketill ni mzee anayechosha. Nilimwacha aone hivyo. Nikamwonyesha jinsi ya kuusukuma mlango kwa bega unapogoma kwa baridi, nikamtajia majina ya watoto kumi na wanne, akayarudia moja moja mpaka akayashika, nikampa ufunguo.